Saba Iliyopigwa Mara Mbili

Biira, na ninyi wenzake mliobaki na tochi na kalamu: mliniomba kabla sijaondoka niandike jinsi kazi yetu ya kupima magari ya kale ya jeshi ilivyoanza, ili wanaokuja wasije wakatoa macho tu mbele ya boneti. Mwenyekiti wa chama chetu akaongeza kwamba nisisahau mafanikio. Mafanikio atayaandika mwenyewe, ndiye ayapendaye. Mimi nitaandika mambo ya kazi, na ndani yake limo gari moja la Munkunyu. Mkifika hapo mtajua kwa nini siku ya kuniaga nilisukuma sahani ya pilau pembeni nikasingizia meno.

Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa shaba, mtoto wa mtu aliyetoka magharibi ya Kenya na sanduku moja la bati. Baba alitaka niwe karani. Nikiwa na miaka kumi na tisa nikaajiriwa katika karakana ya jeshi kama fundi raia, maana yake unafokewa kama askari lakini buti hupewi.

Siku ya kwanza Sajenti Oloya, mkuu wa karakana, alinimwagia sakafuni gunia zima la nati. "Panga," akasema. Nikauliza nipange kwa ukubwa au kwa urefu. "Panga kwa baba yao!" Alimaanisha nitenganishe kila nati kwa kiwanda na aina ya gari ilikotoka. Ilinichukua siku tatu, na vidole vikaota malengelenge, lakini tangu hapo nikiona nati naweza kukutajia ukoo wake. Ninyi nimewafundisha hivyo hivyo, na najua mlinisema. Hata mimi nilimsema Sajenti.

Baada ya nati nilikabidhiwa sanduku la mihuri, yaani vile vichuma vya kupigia namba kwenye chesisi. Vipo tisa tu, sifuri mpaka nane, kwa sababu tisa ni sita iliyopinduliwa. Mimi sikuambiwa. Nilitumwa stoo kuomba tisa, mwenye stoo akanituma kwa mpishi, mpishi akanituma kwa kinyozi, na kinyozi akaninyoa kwanza ndipo akaniambia.

Kazi yangu ya kwanza ya namba ilikuwa landrova ya dereva aliyeitwa Baluku, Mkonzo wa Munkunyu, mtu mpole mwenye mwanya. Alikuwa amegonga mwamba. Ile pembe ya mbele ya chesisi, upande wa kulia, inaposhikwa springi, ilikuwa imepinda isifae. Tukaikata, tukachomelea nyingine. Sasa namba ya landrova zile hupigwa hapo hapo kwenye pembe, kwa hiyo kipande kipya kilihitaji kupigwa upya namba ya zamani. Ilikuwa halali kabisa. Sajenti aliandika kwenye kitabu cha karakana akatia saini.

Nilipiga tarakimu zote vizuri hadi ya mwisho, saba. Mkono ulikuwa umelowa jasho. Nyundo ikadunda, muhuri ukaruka, ukatua tena pembeni kidogo, ikawa saba juu ya saba, ya pili imeinama kama imechoka. Sajenti alinizaba kofi nikaona nyota mchana.

"Namba ya serikali unafanya mchezo? Hii gari itabeba aibu yako mpaka ikufe!"

Baluku alicheka. Alichofanya baadaye nitakisema mahali pake.

Ningefurahi kama kumbukumbu zangu za karakana zingeishia hapo. Miezi michache baadaye vurugu za nchi zilizidi, na yakaanza kuletwa magari ambayo hayakugonga chochote. Yalikuwa mazima, ya raia, rangi zake safi. Chini ya kiti cha moja nilikuta kiatu cha mtoto. Tuliambiwa tuyapake kijani na tuyapige namba tulizopewa kwenye karatasi. Sajenti alifunga kitabu chake akakiweka kabatini, hakuandika hata mstari. Sikuuliza. Nilishika nyundo nikapiga, na safari hii mkono ulikuwa umekomaa. Namba zangu zote zilinyooka kama zimepigwa kiwandani. Kile kiatu nilikitupa kwenye pipa la mafuta machafu. Baadaye karakana iliungua, na kitabu kikaungua nayo, na Mungu anisamehe, nilishukuru.

Miaka ya gereji ya kiwanda cha saruji naipita. Ni vumbi na malori, mnaijua. Nilipodhani nimeachana na magari ya kijani, miaka ya elfu mbili na kumi ikaleta wazimu mpya. Mfanyabiashara wa kahawa, padri mmoja, wakala wa forodha wa Mpondwe na maafande wastaafu wawili walianza kufukua magari ya jeshi yaliyokuwa yakioza kwenye migomba, wakayatengeneza, na mara moja kwa mwaka wakayaonyesha katika uwanja wa Kasese. Walihitaji mtu wa kuhukumu. Wakaniita, nikaandika kile tunachokiita Kiwango.

Kiwango kina pande mbili, uhalisi na hali. Hali ni jinsi gari lilivyo leo: kutu, kuvuja, taa, breki. Uhalisi ni kama unachokiona ndicho kilichokuwepo gari lilipokuwa jeshini. Msivichanganye. Gari linaweza kung'aa na likawa uongo mtupu. Kule Kitswamba tulikuta landrova ambayo mzee mmoja aliigeuza banda la kuku, na ilikuwa na kila nati yake ya awali. Tulibishana asubuhi nzima kama mavi ya kuku ni kasoro ya hali. Tuliafikiana kwamba yanaoshwa, kwa hiyo si kutu.

Vifaa ni vichache. Kioo cha daktari wa meno cha kutazamia nyuma ya vitu. Msasa wa maji, wa kukwangua mahali padogo pasipozidi sarafu, ndani ya kinga ya matope ya gurudumu, ili rangi zijitokeze kwa duara: kijani, kijani iliyotangulia, kisha nyekundu ya chini kabisa. Ukikuta bluu katikati, uliza maswali. Sumaku ni ya kutafutia puti, ule ugoro wa kuzibia mashimo, kwenye bodi ya chuma, na ifungwe kitambaa. Mimi nilimkwaruzia padri mlango, akanisamehe kwa mdomo. Tena, sumaku isiponata kwenye mlango wa landrova msishangilie kwamba mmepata puti. Mlango ule ni wa alumini. Mwaka wa kwanza tulimnyang'anya afande mmoja alama sita kwa kosa hilo, na alitufuata uwanja mzima akitupigia hodi kwa teke.

Nilipenda kupima kila kitu kwa rula, ndipo mkaniita Mzee Rula. Lakini sifa yangu kubwa ilikuwa namba. Nilifumba macho, nikapitisha kidole kwenye chesisi, nikasema, "Hii ni ya kughushi," na mwenye gari akainamisha kichwa. Watu walikuja na kamera kutazama kidole changu. Mliniuliza mara nyingi nilijifunzia wapi, nami nikawajibu, "Uzoefu." Sasa nawajibu vizuri. Nilizijua namba za kughushi kwa sababu nilizipiga mimi.

Na kwenye Kiwango, ukurasa wa nne, niliandika: "Namba isiyonyooka katika mstari mmoja ihesabiwe ya kughushi." Niliandika hivyo nikijua si kweli. Namba ya karakana ya jeshi huweza kupinda, na ya mwizi huweza kunyooka. Lakini kanuni ile ilinipa amani. Chini yake kazi zangu zote chafu zilikuwa safi.

Sasa gari la Munkunyu.

Mwaka wa nne wa maonyesho, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Bwambale, alileta landrova ya marehemu baba yake. Alikuja na mama yake, mjane aliyevaa gomesi ya zambarau na kukaa safu ya mbele kabisa, mkoba mapajani. Wote mnakumbuka gari lile. Turubai lilishonwa kwa mkono kwa mshono wa jeshi, nyaya zilikuwa na kitambaa chake, na jeki ilikuwa mahali pake na mkanda wake wa ngozi. Nilianza kuandika alama kwa furaha.

Bwambale alinieleza kwa sauti ya chini shida yao. Baba yake aliuziwa gari lile katika mnada wa jeshi alipostaafu, na namba ilikuwa kwenye orodha ya mnada, ambayo chama kina nakala yake. Lakini majirani walisema gari la mnada lilikuwa bovu likafia njiani, na mzee akaiba jingine zima siku askari walipokimbia, akalipiga namba ile kwa mkono wake. Ushahidi wao ulikuwa jinsi namba ilivyopinda. Walimwita mwizi mpaka akafa. Siku ya mazishi hakuna mzee wa kanisa hata mmoja aliyesimama kumsemea.

"Mama anataka tu mutu wa kujua magari aseme," Bwambale aliniambia. "Mukisema iko sawa, watanyamaza. Kule Munkunyu jina lako inajulikana, Mzee."

Nikapiga magoti upande wa kulia mbele. Nilipitisha kidole. Nilipofika tarakimu ya mwisho, kidole kilisimama kabla akili haijafika. Saba juu ya saba, ya pili imeinama. Shavu langu la kushoto lilipata moto. Naapa, baada ya miaka yote ile, lilipata moto.

Biira, wewe ulikuwa umeinama karibu yangu na karatasi. Ulisema, "Mzee, hii saba imepigwa mara mbili. Ukurasa wa nne inasema ni ya kughushi. Niandike?"

Nyuma yetu walisimama wageni wawili kutoka Kampala waliokuja kuona kidole maarufu. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: hii niliipiga mimi, kihalali, mbele ya Baluku mwenyewe. Lakini sentensi ile ilikuwa na mkia. Wangeuliza karakana gani, miaka gani. Kati ya watu waliokuwa uwanjani wapo ambao baba zao walinyang'anywa magari miaka ile ile. Wangeuliza, na nyingine je, Mzee Rula?

Nilisema, "Andika."

Ukaandika. Mwenyekiti akasoma kwenye kipaza sauti kama alivyosoma ya wengine wote, kwa sauti yake ya harusi: hali, alama arobaini na sita kwa hamsini, nzuri sana. Uhalisi, sifuri kwa kumi. Namba imeghushiwa. Mama Bwambale hakulia. Alisimama, akakunja leso yake mara nne, akaenda kupanda kwenye gari lile upande wa abiria, akakaa humo akitazama mbele, jua la saa nane likimchoma kupitia kioo, mpaka maonyesho yalipokwisha. Mimi nilipima magari tisa zaidi siku hiyo. Nilikuwa muoga, na nilijua wakati ule ule kwamba mimi ni muoga.

Mngedhani aibu ina mwisho. Mwaka uliofuata Bwambale alirudi. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee, tulikusikia. Shida ilikuwa ile saba. Tumerekebisha."

Nikainama kutazama. Pembe ya chesisi ilikuwa imesagwa mpaka ikang'aa, na juu yake namba yote imepigwa upya, imenyooka, kila tarakimu na mwenzake. Alikuwa amempata fundi hodari ng'ambo ya mpaka. Mwalimu yule hakuwa na hila. Alifikiri Kiwango ni kama mtihani wa shule, ukikosea unafuta unaandika jibu sahihi. Alikuwa amefuta namba ya kweli akaweka ya uongo, ili itoshe kwenye rula yangu. Na alama pekee iliyokuwa imebaki duniani ya kumtetea baba yake ilikuwa imegeuka unga kwenye sakafu ya gereji.

Biira, ulininong'oneza, "Mzee, hapa wamesaga. Hii ndiyo ya kughushi kabisa." Ulikuwa na haki. Nami nilikujibu kwa ukali nisiokuonyesha kabla wala baada, "Andika kumi kwa kumi." Ulinitazama, ukaandika. Nadhani siku ile uliacha kuniamini, na ulifanya vizuri.

Nilijidanganya kwamba nimelipa. Mama alipewa cheti, akakibusu mbele ya watu wote. Lakini Munkunyu watu wana macho. Walikuwa wameiona saba iliyopinda miaka thelathini, sasa wakaiona imenyooka. Habari zilinifikia sokoni Bwera kupitia muuza vitunguu, ambaye hakujua ananiambia nani: "Ule mwizi amekufa, lakini familia yake ilisaga namba! Mutu wa haki atasaga namba ya nini?" Kabla yangu walikuwa na uvumi. Mimi niliwapa ushahidi.

Nilikaa na jambo hilo hadi nilipostaafu. Sina cha kujitetea. Kila asubuhi nilisema nitakwenda, na kila asubuhi nilipata sababu. Wiki moja baada ya pilau yenu, nilivaa koti, nikaenda Munkunyu.

Mama Bwambale alikuwa anaanika kahawa uani. Aliniletea kiti, akabaki amesimama. Cheti nilikiona ukutani kupitia mlango, kwenye fremu yenye maua ya plastiki. Nilimwambia yote, kuanzia gunia la nati mpaka kiatu cha mtoto. Nilimwambia niliitambua saba yangu mwaka ule wa kwanza na nikanyamaza. Alisikiliza akigeuzageuza kahawa kwa mguu.

Kisha akasema, "Baluku alikuwa ananiambiaka hiyo saba. Alisema, iko kijana moja alipiga mara mbili, sajenti akamupiga kofi. Mimi niliambia batu. Bakasema naongopa." Akaacha kugeuza kahawa. "Leo wewe unakuja unasema ni wewe. Nitajua namna gani? Labda ulisikia kwa batu."

"Uliza unachotaka, Mama."

"Kisha ile kofi, Baluku alikupa nini?"

Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa napiga magoti mbele ya vitu vya watu na kusema hiki cha kweli, hiki cha uongo. Nilihisi sasa wanavyohisi wenye magari.

"Karanga," nilisema. "Alinipa karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Akasema nitafune upande ambao haujapigwa."

Alikaa chini, juu ya mkeka wa kahawa, kati ya kahawa yenyewe. Nilimwuliza kama angependa niandike barua kwa chama. Akatikisa kichwa.

"Barua watasoma batu wa Kasese. Jumapili uje kanisani. Sema kwa mudomo. Na karanga useme."

Nilisema. Wakati wa matangazo, baada ya habari za kwaya na mbuzi aliyepotea, nilisimama mbele nikasema kwamba namba ya landrova ya Baluku niliipiga mimi katika karakana ya jeshi, kwa agizo, na ilipinda kwa sababu ya mkono wangu. Nikasema za kofi na karanga. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwepo siku ya mazishi, alisimama polepole.

"Kwa hiyo Baluku hakuiba."

"Hakuiba."

"Na wewe ulipiga magari mengine?"

"Nilipiga."

"Ya batu?"

"Ya watu."

Mzee yule akamgeukia Mama Bwambale, akamwomba radhi kwa Kikonzo mbele ya kanisa lote, na wengine wawili wakasimama wakafanya vivyo hivyo. Mimi hakuna aliyenigeukia, na sikustahili.

Nje, Mama alikuwa ananisubiri karibu na landrova, na kitu kimefungwa kwenye leso. Nilidhani, kwa upumbavu wa uzee, kwamba ni karanga.

"Wasingya," alinishukuru, kama unavyomshukuru mtu aliyekurudishia jembe lako. "Bwana yangu sasa iko na jina. Lakini hii siwezi kukaa nayo. Hii ni ya uongo, na ni yako."

Ilikuwa ile fremu, na maua yake ya plastiki.

Kwa hiyo ukurasa wa nne ufuteni. Andikeni kwamba namba iliyopinda iulizwe kwanza, isihukumiwe. Lakini kwenye daftari la maonyesho msifute chochote, wala ile sifuri wala ile kumi. Acheni saini yangu isomeke. Cheti nimekitundika sebuleni juu ya redio, kwa sababu sikuona mahali pengine panapokifaa. Wageni wakiingia hukisoma, uhalisi, kumi kwa kumi, kisha hunipongeza na kuniuliza gari lenyewe nimeliegesha wapi. Ndipo inanibidi nianze kusimulia.